Panya Aliyetangaza Jina Lake

Paliondokea Panya aliyeuza karanga tamu, lakini wateja wote walikwenda kwa Kindi. Hofu ikamnyima usingizi. Akamwendea Kunguru, mpiga mbiu, wakapatana: kila mgeni atakayefika kwa mbiu hiyo, Kunguru apewe karanga moja.

“Nitangaze karanga, bwana?”

“Karanga hata Kindi anazo,” Panya akafoka. “Tangaza jina langu!”

Kunguru akapaa akipaza sauti: “Anayemtafuta Panya, yuko chini ya mkwaju!”

Panya akakaa mlangoni roho juu. Hata nzi hakuja. Mara majani yakachakarika, na Paka akatokeza kichwa.

“Ka-karibu karanga,” Panya akasema.

“Karanga sili. Nimeambiwa Panya yuko hapa.”

Juu ya mkwaju, Kunguru akakohoa. “Mgeni wa kwanza huyo, bwana. Karanga yangu?”