Tundu kwenye Bati

Paa la gereji lilikuwa na tundu moja. Ndipo ilipopita pete ya chuma ya tairi la lori, siku ilipofyatuka ikamuua Mzee Kilindo akijaza upepo. Pete ilipanda juu. Hakuna aliyeiona ikishuka.

Mchana huo Madaraka alilaza tairi lingine chini ya tundu hilo, akaikanyaga pete yake kwa mguu mmoja kama Mzee Kilindo alivyomfundisha, akafungulia upepo.

"Fundi, mbona huliingizi kizimbani?" akauliza Zaituni, mwenye lori. Kizimba cha vyuma cha kujazia matairi upepo, kilicholetwa baada ya msiba ule, kilikuwa pembeni, kimejaa kuku.

"Kuku wanaatamia, dada. Dakika mbili tu."

Tairi likavimba. Juu ya bati kitu kikaanza kubingirika, polepole, kizito.

"Paka huyo," akasema Madaraka.

"Paka habingiriki."

Madaraka akazima mashine ya upepo. Mlio wa juu ya bati haukukoma. Akauondoa mguu taratibu, akalitoa tairi upepo, akaenda kufukuza kuku, akikanyaga mayai bila kujali. Akalisukumia tairi kizimbani, akakomea mlango.

Mlio ukafika ukingoni mwa tundu, ukanyamaza. Sakafuni, pale aliposimama muda mfupi uliopita, duara la jua likaanza kuzibwa kutoka upande mmoja.

Madaraka hakuinua macho.

"Nimeliingiza, mzee," akasema. "Tazama, liko ndani."

Duara likazibika lote.