Ladha ya Udongo

Siku hizi mwanariadha hachagui kinywaji chake. Hugusa bomba la jikoni kwa kidole, nalo humchanganyia kile ambacho mwili wake umepungukiwa nacho. Emiliana, mkimbiaji wa Mbulu, alilipenda bomba lake kuliko kocha. Lilimpa ukwaju, asali ya nyuki wadogo na tangawizi, na tangu alipoanza kulitumia alikuwa hajawahi kubanwa na misuli njiani.

Asubuhi hiyo, siku mbili kabla ya mashindano ya taifa, lilimpa kikombe kisicho na tangawizi hata chembe. Kilinukia udongo ulionyeshewa mvua.

"Mama, hebu onja. Limeharibika?"

Mama mkwe wake akaonja, akafumba macho, akaonja tena. Ladha ile aliijua: udongo wa kutafuna, aliokuwa akiutafuta sokoni kila alipobeba mimba.

"Halijaharibika, mwanangu," alisema kwa furaha. "Hili bomba lina akili jamani! Limekujua kabla hujajijua."

Akapiga vigelegele, majirani wakaitikia. Emiliana alikuwa bado ameshika kikombe wakati mama mkwe alipoviokota viatu vyake vya mbio mlangoni, akavifuta vumbi taratibu, akavitundika juu msumarini.