Umeme wa Lori la Baba

Penina alifungua waya wa betri aliyokuwa ameichaji, akaunganisha hapo taa yake ndogo ya kupimia. Kama umeme ulikuwa unavuja popote kwenye lori, taa ile ingewaka. Haikuwaka.

"Lori halina ubovu, baba," alisema. "Kuna mtu anaitumia betri usiku."

Mzee Josephati alikuwa amesimama pembeni, mkono juu ya boneti. Lori lile la pua ndefu alilinunua wakati Penina bado anabebwa mgongoni, na sasa kila asubuhi halikuwa na nguvu hata ya kupiga honi. Jumamosi alitakiwa kuwapeleka wanakwaya Mang'ola. Ndiyo maana Penina, fundi umeme wa magari pale Karatu mjini, alikuwa amekuja nyumbani Rhotia kumsaidia.

Aliingia kwenye kibanda cha Simel, mlinzi wa usiku, nyuma ya ghala, hatua chache tu kutoka lori lilipoegeshwa. Kitandani palikuwa na simu kadhaa na kipande cha waya.

"Simu za nani hizi, Simel?"

"Za ndugu zangu, dada. Huwa nazipeleka senta kuchaji."

"Na waya huu?"

"Nafungia mlango."

Majirani waliokuja kusukuma lori waliguna. Simel akamgeukia mzee, akasubiri. Josephati alikuwa ameinamisha uso, anapapasa vifungo vya koti lake kama mtu aliyefumaniwa.

"Baba, huyu anakuibia umeme wa betri. Mwambie aende."



"Nenda, Simel," mzee alisema hatimaye, bila kuinua uso.

Simel alichukua fimbo yake, akajifunga shuka lake la rubega vizuri, akaondoka. Hakumlaumu mtu.

Penina alilala palepale nyumbani. Asubuhi betri ilikuwa imekufa tena, ila safari hii swichi ya taa kubwa ilikuwa imeachwa imewashwa.

Hakumwambia baba yake. Alipanda bodaboda, akaulizia njiani mpaka akamkuta Simel anachunga mbuzi wa shemeji yake kando ya barabara ya Ngorongoro. Alishuka, akasimama mbele yake huku anachezea kamba ya mkoba. Kumtazama usoni alishindwa.

"Nimekudhalilisha mbele za watu," alisema. "Naomba unisamehe. Lakini nani anawasha zile taa?"

Simel aliwatazama mbuzi wake.

"Mzee aliniomba nisimwambie mtu. Huziwasha mwenyewe watu wakishalala, anasimama mbele ya lori mpaka anachoka. Akirudi ndani, mimi nazima."

"Anasimama pale kufanya nini?"

Simel alimrudisha mbuzi mmoja kwa fimbo.

"Juzi zilikuwa zinammulika usoni kabisa, dada. Akaniuliza kama ameshaziwasha."