Kisanduku cha Kusafisha Sauti

"Ukichomeka hicho kidude humu ndani, mimi natoka," alisema Mama, mguu wake ukizidi kukanyaga cherehani pale dirishani. Ta-ta-ta, ngo. Ta-ta-ta, ngo. Cherehani kuukuu ile, kila ikizunguka mara tatu lazima igonge, na fundi wa kuiponya hajazaliwa.

Kitindamimba wake akacheka. "Mama naye! Kisanduku hakiumi."

Kilikuwa cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni. Akaunganisha simu upande huu, spika za sebuleni upande ule. "Simu peke yake inaibana sauti. Hiki kinaifungua. Utasikia hata mtu akimeza mate."

Humo simuni mlikuwa na ujumbe wa mwisho wa marehemu mumewe, aliourekodi kitandani mchana aliokata roho. Mwaka mzima waliurudia wakiambulia mikwaruzo na neno moja tu: "Mwanangu." Mama, kama alivyowaambia waombolezaji wote, alikuwa kwa mteja akimpima bibi harusi gauni. Aliporudi jioni alimkuta ameshapoa.

"Mwache baba yako apumzike, mwanangu. Naogopa."

"Unaogopa nini? Alikuwa baba, si jini." Kisha kicheko kikamwisha. "Alinipigia, sikupokea. Ndipo akaacha huu ujumbe. Silali, Mama. Nataka tu kujua alitaka nini."

Mama akainamia kitambaa chake.

Kijana akaketi mbele ya spika, akafumba macho, akabonyeza.

Salala! Marehemu alikuwa mle mle chumbani. Kitanda kililia, shuka likachakacha, pumzi ikapanda kwa shida.

"Mwanangu... kifua... dawa ziko kabatini, sifiki. Naita... naita, haitiki mtu."

Machozi yakamtiririka kijana. Mama alisubiri, roho mkononi, lakini marehemu hakusema zaidi. Hakumtaja. Mama akashusha pumzi ndefu.

"Bado anahema," kijana akanong'ona, macho bado kayafumba. "Pengine atasema tena. Hebu simamisha cherehani, Mama, inaniziba."

"Cherehani gani?" sauti ya Mama ikajibu, karibu kabisa na sikio lake.

Akafumbua macho. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mama alikuwa nyuma yake, mikono yote miwili mabegani mwake, na ndani ya spika, nyuma ya pumzi za baba, ilikuwa ikienda bila haraka: ta-ta-ta, ngo. Ta-ta-ta, ngo.