Keki ya Kila Mtu Kwake

Mgeni usije, mwenyeji apone. Ndivyo dada mkubwa alivyowaandikia ndugu zake sikukuu hii, maana mapafu ya mama yalikuwa bado mabovu. Akawatumia na mapishi ya keki ya mama: mayai sita, siagi, maganda ya limau yaliyokwanguliwa. Kila mtu apike kwake.

Mdogo wake wa mwisho akaja hata hivyo, na mkewe, na kikohozi chake.

Dada alishika komeo kwa vidole vilivyogandwa na unga.

“Hodi ya nani?” mama aliita kutoka chumbani. “Si kitindamimba wangu huyo?”

“Muuza maziwa, Mama. Nimemwambia tunayo.”

Nje, kikohozi kilikatika. “Mimi muuza maziwa? Mbele ya mke wangu? Dada, niombe radhi!”

Dada alilisukuma komeo hadi mwisho.

“Kapike keki yako. Radhi siombi.”