Mkono wa Apiyo

Siku hizi kila mwanamke anayeitwa kwenye timu ya taifa ya tenisi hutiwa mkononi ustadi wa mchezaji aliyefariki. Mumbua alitiwa wa Apiyo, na kombe likaja nyumbani.

Mama yake Apiyo alipobisha hodi, alimkuta Mumbua akimsuka binti yake.

"Nani alikufundisha mistari hiyo?"

"Hakuna, mama. Sikujua kusuka kabisa. Tangu turudi na kombe, mkono unasuka wenyewe."

Mama hakushangaa. Alivua kitambaa, akaketi sakafuni mbele ya Mumbua, akainamisha kichwa. Mumbua alitaka kukataa kwa heshima, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshachukua kitana. Ulizigawa zile mvi taratibu, ukalikwepa kovu nyuma ya sikio kabla Mumbua hajaliona.

"Nilikutambua kwenye fainali," mama akasema, macho ameyafumba, "kwa jinsi ulivyoudundisha mpira kabla ya kuupiga. Utakuja lini nyumbani?"

"Mimi, mama?"

"Sisemi na wewe."

Mkono ukaweka kitana chini, ukamshika mama bega. Mumbua akajaribu kuuondoa. Ukazidi kushika.