Mkono wa Kushoto

"Baba, huu wa kulia nimeshautoboa kuchukua damu. Nipe wa kushoto tupime presha," alisema nesi aliyekuwa akimpima afya ili leseni yake ihuishwe.

Dereva wa basi hakusogea. Ndani ya shati lake la mikono mirefu, kwenye mkono wa kushoto, mshipa uliotengenezwa na daktari wa figo ulikuwa ukitetemeka. Mara tatu kwa wiki mashine ilimsafisha damu kupitia mshipa huo, na kazini hakuna aliyejua. Alishaonywa kwamba mkono huo ukibanwa, mshipa unaweza kuziba. Akisema ukweli, leseni ndiyo basi tena.

"Presha yangu iko sawa, binti yangu. Andika tu."

Nesi akacheka. "Niandike ya kubuni? Utanifukuzisha kazi." Akamzungushia kitambaa cha kupimia juu ya kiwiko, akaanza kukijaza upepo.

"Acha!"

Dereva akakivua mwenyewe, akakunja mkono wa shati hadi begani. Nesi akaona uvimbe na makovu ya sindano. Akavuta kiti, akaketi.

"Nani anajua?"

"Mke wangu tu."

"Na presha huwa inakushuka ghafla?"

Dereva aliuteremsha mkono wa shati.

"Juzi," alisema. "Nikiwa na abiria arobaini."